Nyumba Zilizokuwa za Mama Zetu



Ijumaa iliyopita tulikuwa tukivaa viatu mlangoni mwa msikiti tulipoambiwa kwamba kuna mama anatusubiri upande wa wanawake. Ametupa ruhusa ya kulieleza jambo lake, nasi tumebadilisha machache ili asijulikane. Baba yao alifariki akaacha nyumba ya ghorofa katika Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Warithi ni mjane, wana wawili wa kiume na mabinti wanne. Ametokea mnunuzi anayetaka kuibomoa na kujenga fleti, na ndugu wawili wale wameshakubaliana naye bei. Mama huyu hakuja kutuuliza kuhusu bei. Alisema: "Sheikh, mimi sijaulizwa. Je, nikisema sitaki, nitakuwa nimekata udugu?"

Tulimwahidi jawabu, kisha tukaondoka kwa miguu badala ya kupanda tuktuk, kwa kuwa swali lake lilitugusa mahali ambapo hatukupenda paguswe. Njiani tulijikuta tukizihesabu nyumba ambazo hazipo.

Aliyezaliwa Mombasa miaka hii anaujua mji kwa majina ambayo vitu vyake vimeondoka. Husema Mwembe Tayari na Mwembe Kuku, na miembe yenyewe hakuiona. Wazee wetu waliita Barabara ya Salim iliyo Digo Road leo, na Barabara ya Kilindini iliyo Moi Avenue. Majina ya barabara hubadilishwa na serikali, na barabara yenyewe hubaki. Nyumba ikibomolewa, hata jina hapana, kwa sababu nyumba zetu ziliitwa kwa wenyewe: kwa bibi fulani, kwa mwalimu fulani. Mwenyewe akishakufa na kuta zikishaanguka, hapabaki kitu cha kuelekeza mgeni.

Yaliyo makubwa yana walinzi wake. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikafanywa gereza na Waingereza, leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msikiti wa Mandhry unasimama na mnara wake mweupe na watu wanaswali ndani yake. Mji wa Kale nao kisheria ni eneo la hifadhi, na mtu hatakiwi kubomoa apendavyo. Lakini nyumba ya kuishi haingoji mvunjaji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na vyote viwili vinataka mkono wa mtu kila baada ya masika. Paa likivuja msimu mmoja bila kuzibwa, maji huingia kwenye vichwa vya boriti ndani ya ukuta, boriti huoza mahali pasipoonekana, na siku moja dari inashuka. Warithi kumi wakimngojea mmoja wao alete chokaa, mvua haiwangojei.

Basi tuseme lililo kweli kuhusu nyumba hizi, nalo halisemwi sana: zilijengwa kwa ajili ya wanawake. Barabara, soko na bandari zilikuwa za wanaume, na baraza ya nje ilikuwa ya wanaume, hapo mgeni alipokelewa kwa kahawa bila kuingia ndani. Kuanzia mlango wa kuchonga kwenda ndani, mpango wote ulikuwa kumpa mwanamke nafasi, faragha na hewa. Njia ya kuingilia iligeuzwa upande ili mpita njia asione ndani. Ua ulikuwa na mwanga wa kutosha kuchambulia mchele na kusukia nywele. Juu palikuwa na roshani yenye kimiani cha mbao, ambapo mwanamke aliuona mtaa nao usimwone, akashikwa na upepo wa bahari jioni. Huko Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba anapoolewa, aghalabu ubavuni mwa nyumba ya mamake, na juu ya kichochoro wakaunganisha kwa wikio, ili mtoto avuke kwenda kwa mama bila kukanyaga njia. Atakayeuliza dada zetu wa zamani walikuwa na uhuru gani, na aanze kwa kulitazama wikio.

Hata Majengo, ambako hakukuwa na mawe, ilikuwa vivyo hivyo. Nyumba ya Kiswahili ya udongo na miti, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, makuti juu na baadaye mabati: si wachache waliozimiliki walikuwa akina mama, waliokodisha vyumba wakasomeshea watoto kwa kodi hiyo. Udhaifu wake ulikuwa chini ya miguu. Wengi walikuwa na nyumba bila ardhi. Kuta ni zao, kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye kiwanja akiuza, bibi hubaki na milango na mabati yake.

Hatuwalaumu wanaojenga fleti. Watu wameongezeka, na vijana wanaooa hawawezi kulala katika kumbukumbu zetu. Sisi wenyewe tunaishi fleti, maji yanapanda kwa pampu na wakati mwingine hayapandi. Linalotusumbua ni lile linalotangulia tingatinga, yaani kikao cha warithi.

Na hapa inatubidi tujitaje. Nyumba ya nyanya yetu ilikuwa Kuze. Alipofariki ikawa ya mama yetu na wajomba zetu, nao wakaamua kuuza. Tulikuwa na miaka thelathini na kidogo, tumeanza kusomesha, na kwa kuwa sisi ndio "wasomi" wa ukoo tulikabidhiwa karatasi tumpelekee mama atie kidole. Tulimkuta uani, kwenye nyumba ileile, akipepeta mchele. Tukamsomea. Akanyamaza. Tukamsomea tena, akasema, "Nyinyi ndio mnaojua." Tukaukamata mkono wake, tukakitia kidole wino.

Wiki ileile, darasani, tulikuwa tukiwafunza vijana ile kanuni mashuhuri inayonasibishwa na Imam Shafi, kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Tuliwatolea na mifano. Tuliwaeleza kwamba kunyamaza kwa bikira anapoulizwa kuhusu ndoa kumevuliwa kwa hadithi, kwa sababu ya haya yake, na kwamba hukumu ya kuuza mali haichukuliwi kutoka hapo. Hatukumfikiria mama yetu hata kidogo. Ilitupitia baadaye sana, yeye akiwa orofa ya nne ya fleti tuliyomkodishia, magoti yamemshinda ngazi. Siku moja alitwambia kwamba kule Kuze alimjua kila apitaye kwa sauti na kwa mwendo, amkaribishe au amwombee, na huku juu watu wote ni vichwa tu. Hitima za majirani alikuwa akizisikia zimekwisha. Tulimwomba radhi, akatusamehe upesi kama mama wanavyosamehe, na wepesi wake ndio unaotuuma mpaka leo.

Sasa tumrudie muulizaji wetu. Tulikaa na kalamu. Mjane ana thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki hugawanywa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Tukiifanya nyumba mafungu 64, mjane ana 8, kila binti ana 7, na kila mwana ana 14. Jumlisheni. Wanawake watano wana 36 na wanaume wawili wana 28. Zaidi ya nusu ya nyumba ile ni ya watu ambao hawakuulizwa! Tulipomwambia kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akaomba tumrudilie hesabu aiandike.

Na atakayekataa kuuza fungu lake hakukata udugu. Fungu ni milki yake tangu baba alipovuta pumzi ya mwisho, baada ya madeni na wasia kutolewa, na hakuna ndugu, mkubwa au mdogo, anayeweza kumuuzia asilomuagiza. Ikiwa ndugu zake watang'ang'ania kuuza mafungu yao kwa mtu wa nje, liko jambo katika fiqhi liitwalo shufaa, yaani mshirika kulichukua fungu linalouzwa kwa bei ileile aliyoitoa mgeni. Masharti yake ni mengi na wanavyuoni wana maneno, hasa kwa nyumba ndogo isiyogawanyika, na mwenye kuitaka hatakiwi kulegea. Aende kwa Kadhi mapema. Katiba imempa Kadhi mamlaka katika mirathi ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Na aende kabla ya mtu kupokea arubuni, kwa maana pesa ikishaingia mfukoni mazungumzo huwa mazito.

Wenye nyumba walio hai nao wana mlango ambao wazee wetu waliujua vizuri na sisi tumeuachia kutu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka shauri, aliongozwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Wakawa hawaiuzi, hawairithi. Nyumba yaweza kuwekwa wakfu juu ya watoto na wajukuu wakae ndani yake, kisha mwisho wake ukawa kwa maskini au msikiti. Zama za ukoloni mahakama zilizitengua baadhi ya wakfu za familia za namna hii hapa kwetu, mpaka sheria ya wakfu ya mwaka 1951 ikazitambua. Iandikwe vizuri tu, iwe na msimamizi, na sehemu ya kodi itengwe kwa chokaa na boriti, kwani tumeona nyumba za wakfu zikianguka kwa kukosa mfuko mmoja wa chokaa huku kodi ikiliwa kila mwezi. Na asiuhamishe mtu wakfu akiwa kitandani kwa maradhi ya mauti akadhani amemaliza, maana hapo hauvuki thuluthi bila ridhaa ya warithi. Haya yanataka makala yake, na inshallah tutayarudia.

Yule mama ametupigia tena jana. Ndugu zake wamekubali kikao, Jumamosi baada ya Alasiri, na wametaka tuwepo. Mmoja wao, tunaambiwa, ana deni la karo za watoto na hakuwa na nia mbaya. Huenda dada zake wakamnunulia fungu lake kidogo kidogo, huenda wakauza wote kwa radhi zao, na wakiuza kwa radhi hatutakuwa na neno. Tulipendekeza wakutane ofisini petu, panapo viti. Alikataa. Amesema kikao kitakuwa kule kule Kibokoni, ghorofani, na mama yao mjane atakaa penye roshani, mahali pake, na kila mmoja atamuuliza yeye kwanza.