NGITILI ISIFUNGULIWE MWEZI HUU WA SITA

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi tunakutana kuamua jambo moja: ngitili yetu ifunguliwe sasa au ingoje. Kisimani na kilabuni nasikia watu wakisema, "Majani yamefika kiunoni, tunangoja nini?" Mimi nasema tungoje. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la kisomo, na kila mstari hapa umenitoa jasho.

Kwanza nakiri kosa. Mwaka jana tulipopiga kura ya kufungua mapema, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Mnajua yaliyofuata. Mwezi wa kumi ngitili ilikuwa vumbi tupu. Mvua ya kwanza iliponyesha, maksai wangu mmoja alilala kwenye mtaro akakataa kuinuka. Nililima kwa jembe la mkono, nikachelewa kupanda, na ghala langu mnaliona. Si mimi peke yangu.

Tufanye hesabu, ndiyo faida ya kisomo. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 200 hula kilo 1,200 kwa siku. Tukifungua katikati ya mwezi wa nane, tuna siku kama 90 mpaka mvua: tani 108. Tukifungua sasa ni siku 150: tani 180. Majani ni yaleyale. Hizo tani 72 za ziada atazileta nani?

Tena sasa hivi mabua ya mtama na mahindi bado yapo mashambani. Tuyalishe hayo kwanza. Majani nayo yanataka muda yaangushe mbegu. Yakiliwa mpaka shinani kabla ya hapo, mizizi hudhoofika, ardhi hubaki wazi, kwato huikanyaga ikawa ngumu kama sakafu, na mvua ikija maji hukimbilia mtoni na udongo wetu.

Jambo hili si geni. Wazee wa Usukuma walifunga ngitili mvua zikianza, wakafungua kiangazi. Baadaye miti mingi ilikatwa kuwafukuza mbung'o, na mwaka 1974 tulipohamia vijijini wengi waliacha ngitili zao nyuma. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Watu waliifanya kwa kukubaliana tu: hapa hapachungwi mpaka siku fulani.

Sasa nasema lile ambalo wengine hawatalipenda. Ngitili ni ya wote, lakini mwenye ng'ombe 80 anakula sehemu 80, na mama mjane mwenye mbuzi watatu anabaki na kuni tu. Hiyo si haki, hata kama tunaitana ndugu.

Kwa hiyo napendekeza hivi:

1. Tufungue tarehe 15 mwezi wa nane, si kabla.
2. Tuigawe mapande manne, kila pande wiki tatu hivi. Likiliwa nusu, tuhame.
3. Wiki za kwanza kila kaya iingize maksai wawili na ng'ombe wa maziwa wawili, pamoja na ndama. Asiye na ng'ombe aingize mbuzi wake. Wengine baadaye, kama majani yapo.
4. Mwenye mifugo mingi auze baadhi mnadani sasa, wangali wamenona. Mwezi wa kumi atauza ngozi na mifupa.
5. Anayechunga usiku atozwe faini na dagashida, awe nani awe nani. Kijana wangu akikamatwa, nitalipa mimi.

Mtu ataniambia, "Katibu, majani ni ya Mungu." Kweli kabisa. Lakini Mungu huyaleta mara moja kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu.

Njooni Jumamosi, na akina mama waje wasibaki jikoni. Anayenipinga asimame aseme, tusikilizane.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu