Juu ya Mitihani ya Kitabu cha Dickens

Ndugu waalimu, twataka kuteta nanyi, wala hatutaficha neno. Muhula uliopita tulisahihisha mtihani juu ya hadithi ya Charles Dickens iitwayo A Tale of Two Cities, iliyotoka mwaka 1859, yenye habari za London na Paris zamani za mapinduzi ya Ufaransa. Mtihani huo hatukuutunga sisi. Ulitufikia hapa Ruaha Mbuyuni umekwisha pigwa chapa, pamoja na majibu yake.

Maswali yalikuwa 20. Daktari Manette alifungwa miaka mingapi katika gereza la Bastille? Miaka 18. Chumba chake kilikuwa nambari gani? 105, Mnara wa Kaskazini. Ni nani aliyekatwa kichwa mahali pa Charles Darnay? Sydney Carton. Yote ni kweli, wala hatuyadharau. Lakini mtu aweza kuyajua kama karani wa mizani ajuavyo hesabu ya magunia ya vitunguu vyetu, asijue ya kuwa kitunguu chawasha macho.

Kijana mmoja alipata 17. Kitabu hakukifungua kamwe. Alikariri muhtasari wa kurasa nne. Binti mmoja alipata 9, naye alikisoma chote, kwa lugha asiyoisema ila darasani. Aliulizwa, Mama Defarge ni mtu wa namna gani? Jibu lililotakiwa ni neno moja: katili. Yeye aliandika ya kuwa mama huyo alidhulumiwa kwanza, akadai haki, kisha asiweze tena kukoma. Tulimpa sifuri. Amri ilitoka kwingine, lakini mkono uliokata ulikuwa wetu.

Basi tazameni kitabu chenyewe. Dada yake Mama Defarge aliharibiwa na mabwana wa ukoo wa Evrémonde. Kaka yake aliuawa alipotaka kumtetea. Baba yao akafa kwa uchungu. Dickens alituficha habari hizo mpaka karibu na mwisho, hata barua aliyoiandika Manette gerezani iliposomwa barazani. Mwenye kuziruka atadhani mapinduzi yale yalikuwa wazimu wa maskini tu. Na asiyeona jinsi mama huyo alivyotaka kumwangamiza hata mtoto mdogo wa Darnay, ambaye hakumkosea mtu, atadhani kila kisasi ni haki. Binti yule aliyaona yote mawili. Mtungaji wa mtihani hakuona hata moja.

Wako watakaotujibu ya kwamba maswali ya neno moja husahihishwa upesi, tena hayana upendeleo. Upesi, twakubali, sisi nasi tuna madaftari mengi na taa hafifu. Lakini hayo ya upendeleo hatuyakubali, maana mtihani huu wampendelea asiyesoma.

Ukitoka hapa kwetu na kupanda mlima Kitonga, barabara ile ile ya Iringa yakupeleka Lugalo, walipopigwa Wadachi na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891. Watoto wetu wanaijua tarehe hiyo. Wanajua pia ya kuwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na ya kuwa fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Kwa nini tusiwaulize hivi: yule aliyekufa asitiwe mikononi mwa adui, na Carton aliyejitia mwenyewe mikononi mwao ili mume wa mwanamke ampendaye aokoke, je, vifo vyao ni vya namna moja? Jibu lake haliuzwi katika muhtasari wo wote. Tumejaribu kulijibu sisi kwa sisi, jioni moja, tukabishana hata chai ikapoa.

Muhula ujao tutatunga maswali yetu wenyewe, manne tu, na mwanafunzi atakuwa na kitabu mezani. Mwenye kutukataza na aje. Ila aje amekwisha kukisoma.