Acheni Kutuambia Tupotee

Nimechoka na neno "kupotea". Mtu akienda Ulaya wiki moja, akirudi anaandika makala, na kwenye makala hiyo lazima iwepo aya inayosema: weka simu mfukoni, achana na ramani, potea kwenye vichochoro vya mji wa kale, mji wenyewe utakuonyesha njia. Kisha anakuja paka aliyelala dirishani. Kisha bibi kizee anayeanika nguo. Kisha kahawa. Nimesoma za Prague, za Venice, za Lisbon, mpaka nimekinai. Na nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, na watu ninaowaheshimu.

Nina haki ya kulalamika, maana na mimi niliandika moja.

Nilipelekwa Lisbon kwa mafunzo ya siku kumi ya waandishi wa habari. Jumapili tukaachwa tupumzike, nami nikaenda Alfama, ule mtaa wa kale uliong'ang'ania kilima chini ya ngome ya São Jorge. Nikapanda ngazi, nikashuka ngazi, nikateleza mara mbili kwenye vile vijiwe vyeupe vya chokaa wanavyotandika njiani. Nikapotea kwa bidii kama nilivyoagizwa. Niliporudi nyumbani nikaandika maneno mia tisa kwa ukurasa wa Jumapili, na sentensi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa hii: Alfama ni Mji Mkongwe uliopanda mlima. Mhariri aliipenda sana.

Siku chache baadaye akanipigia mjomba wangu wa Kilwa Masoko. Yeye kazi yake ni mashua, anavusha wageni kwenda Kisiwani kuangalia magofu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimeisoma. Umeandika vizuri. Sasa ile dhahabu yetu uliiona?"

"Dhahabu gani, mjomba?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, salimia watoto," akakata.

Yeye alikuwa ameambiwa na Mreno mmoja aliyemvusha miaka ya nyuma. Mimi mwenye shahada yangu, niliyelala usiku kumi mwendo wa miguu kutoka ilipo dhahabu hiyo, sikujua. Basi hebu niwaeleze, kwa sababu nina hakika wengi wenu hamjui pia, na si kosa lenu peke yenu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa akiwa na manowari, akamlazimisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, awe mtiifu kwa mfalme wa Ureno na alipe kodi kwa dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya biashara ya Sofala, iliyotoka bara, nyanda za Zimbabwe. Ndiyo iliyoijenga Kilwa ile ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331. Da Gama akafika nayo Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Ikakamilika mwaka 1506. Inaitwa Monstransi ya Belém, na ipo hadi leo kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale, hapohapo Lisbon. Wala hawajaficha kitu: kwenye kitako chake kuna maandishi yanayotaja mfalme aliyeiagiza, mwaka, na kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limeandikwa juu ya dhahabu!

Na wenzangu wapenda fasihi, shikeni na hili: sonara aliyeitengeneza anaitwa Gil Vicente, na wasomi wengi wanaamini ni yuleyule Gil Vicente mtunzi wa tamthilia, anayeitwa baba wa tamthilia ya Kireno. Mchezo wake wa kwanza ulichezwa mbele ya malkia mwaka 1502. Mwaka uleule wa Amiri Ibrahim.

Sasa niambieni, mtu anayepotea atayaonaje haya?

Ugomvi wangu na makala za kupotea uko hapo. Zinajifanya ni za uhuru, kumbe zinamwambia msomaji asisome. Mji wa kale ni maandishi. Kila pembe ina kibao. Jina lenyewe Alfama ni la Kiarabu, *al-hamma*, chemchemi ya maji moto. Limetoka mzizi mmoja na Hamamni ya Unguja, kwa hiyo Mswahili anayesimama na kulitamka mara mbili polepole ameshalijua nusu. Mtaa wa jirani unaitwa Mouraria. Waislamu walisukumiwa huko baada ya Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147 kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa wakipita kwenda Nchi Takatifu. Makanisani kote utaona neno *igreja*. Wataalamu wa lugha wanatuambia neno hilo ndilo tulilolifanya gereza, kwa njia ya zile ngome za Wareno pwani yetu. Nilipita mbele ya makanisa sijui mangapi siku ile, nikayaandika "makanisa ya kupendeza", na neno gereza limeandikwa ukutani mbele ya pua yangu.

Baya zaidi ni la Casa dos Bicos. Ni nyumba iliyo chini ya Alfama karibu na mto, ukuta wake wote umechongwa vipembe kama ngozi ya fenesi. Nilikaa mbele yake chini ya mzeituni nikala ndizi, nikapiga picha, nikaandika "jengo la ajabu lenye vipembe". Baadaye sana ndipo nikajua kwamba majivu ya José Saramago yamezikwa chini ya mzeituni huohuo, na kwamba taasisi yake imo ndani ya nyumba hiyo tangu 2012. Mimi, mtu ninayejiita msomaji! Na nyumba ilijengwa mwaka 1523 na Brás de Albuquerque, mtoto wa Afonso de Albuquerque. Baba huyo alikuwamo kwenye msafara wa Tristão da Cunha ulioondoka Lisbon mwaka 1506 na kuiteketeza Barawa njiani, kisha mwaka 1507 akaichoma Maskati. Nilimaliza ndizi yangu, nikatupa ganda kwenye pipa, nikaendelea kupotea.

Saramago ana riwaya, *Historia ya Kuzingirwa kwa Lisbon*, ya mwaka 1989. Mhusika wake mkuu ni msahihishaji wa prufu, Raimundo Silva, anayeishi karibu na ngome. Siku moja anaipitia historia ya ule mwaka 1147, na pale palipoandikwa kwamba wapiganaji wa msalaba waliwasaidia Wareno, anachomeka neno moja tu: hawakuwasaidia. Kutoka hapo analazimika kutembea mtaa hadi mtaa akiufikiria mji upya. Hiyo ndiyo Lisbon ya miguu ninayoijua kwenye fasihi yao, na humo hakuna aliyepotea, mtu anatembea huku anabishana na maandishi. Hata Fernando Pessoa, ambaye kila anayeandika kuhusu "kuzurura" anamtaja kama mtakatifu wake, alipowaandikia wageni hakuwaambia wapotee. Aliandika kitabu cha mwongozo kwa Kiingereza, lugha aliyoisomea utotoni Durban, mnamo 1925, kikachapishwa baadaye sana, 1992. Ni majina, tarehe na majengo mwanzo mwisho, tena kwa gari!

Najua mtakachonijibu. Nimeshakisikia kwenye baraza letu la vitabu, na aliyekisema ni mwandishi hodari kuliko mimi. Alisema: Mwafrika naye ana haki ya kutembea Ulaya akafurahi tu. Kwa nini Mzungu aende Zanzibar ale pweza kwa raha zake, halafu mimi nikifika Lisbon nibebeshwe Vasco da Gama mgongoni?

Hoja nzuri. Nilikaa nayo wiki nzima. Na nakubali, mtu asinyang'anywe keki zake za maziwa. Mimi nilikula nne kwa siku moja. Lakini angalieni hoja hiyo imesimama wapi. Imemchukua yule mtalii wa pweza, ambaye tumemsema miaka nenda rudi, ikamfanya ndiye kipimo. Tunawasema wageni wanaoandika Lamu kama nchi ya punda, milango ya nakshi na watu wasiojua saa. Tunasema, na kwa haki, kwamba wamemgeuza mama wa Lamu kuwa pambo. Halafu sisi tukifika Alfama tunafanya nini? Bibi anayeanika nguo. Yule bibi ana kodi ya nyumba. Mtaa wake umejaa visanduku vidogo vya namba milangoni, vya kuhifadhia funguo za wageni wa siku mbili, na majirani zake wengi wamehama kwa sababu hawawezi kushindana na bei ya mgeni. Mimi nililala kwenye nyumba ya namna hiyo. Nikamwandika yeye, sikuandika kisanduku.

Haya tumeyafanya kwa ridhaa yetu, hatukulazimishwa na mtu. Ndiyo maana yananiuma kuliko kitabu chochote cha Mzungu.

Mwaka uliofuata nilirudi, kwa nauli yangu safari hii, siku tatu. Nilianzia Largo de São Domingos, uwanja mdogo kando ya Rossio, ambako Waafrika hukutana, wengi wao watu wa Guinea-Bissau. Kina mama wamepanga bidhaa zao chini, wazee wamesimama wanaongea. Pale pana jiwe la kumbukumbu, liliwekwa 2008, la Wayahudi waliouawa mjini humo Aprili 1506. Nilisimama nikahesabu. Mwaka 1506: mauaji haya, monstransi imekamilika, Albuquerque anapakia meli. Mji mmoja, mwaka mmoja. Mzee mmoja akaniuliza kwa Kireno, nadhani, kama nimepotea. Nikatikisa kichwa.

Kutoka hapo nikapita Baixa, mitaa iliyonyooka kama rula, iliyojengwa upya na Marquês de Pombal baada ya tetemeko la Novemba 1, 1755. Kuna Rua do Ouro, mtaa wa dhahabu. Kuna Rua dos Douradores, mtaa wa wapaka dhahabu, ambako Pessoa alimwajiri karani wake wa kubuni, Bernardo Soares. Kisha nikapanda Chiado, nikateremka Calçada do Combro, nikaingia Rua do Poço dos Negros.

Poço ni kisima, au shimo. Shimo la Watu Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel, huyohuyo wa monstransi, aliagiza mji uchimbe shimo la kutupia maiti za watumwa, maana zilikuwa zikitupwa ovyo na kuliwa na mbwa, na humo itiwe chokaa mara kwa mara. Wengi wanalihusisha jina la mtaa na shimo hilo. Leo ni mtaa wa kawaida, mfupi, wenye migahawa, maduka, na watu wanakunywa kahawa kando ya njia. Sikuwa na hasira nao. Wanaishi hapo, wafanyeje? Nilisoma kibao, nikaendelea.

Monstransi ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Haifiki urefu wa mita. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake, na dhahabu imetiwa rangi za kioo cha kuyeyushwa, kijani, buluu, nyekundu. Ni nzuri mno, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Nilibaki mbele yake karibu saa nzima nikisogea huku na huku kutafuta herufi za Kilwa kwenye kitako, watu wakinipita na kuondoka.

Nilipotoka nikampigia mjomba, nikamwambia nimeiona.

"Ni kubwa?"

"Inafika hapa kiunoni ukiiweka chini, mjomba."

"Mh. Na walichukua yote ile?"

Nikamwambia kwamba ile ni kodi tu. Miaka mitatu baada ya kodi, mwaka 1505, Francisco de Almeida aliingia Kilwa kwa jeshi akaipora, kisha akaenda akaichoma Mombasa. Akasema hilo analijua, ndilo analowaeleza wageni kwenye mashua kila siku.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu, makala zenu zijazo za Lisbon ziwe na vibao. Na msomaji mwenye nauli: kutoka Rossio hadi jumba la makumbusho, Rua das Janelas Verdes, kwa njia niliyoitaja, haizidi saa moja hata ukisimama kusoma kila jina la mtaa. Ukiisha Poço dos Negros shika Rua da Esperança hadi Santos, halafu panda. Vaa viatu visivyoteleza. Jumatatu hufungwa.