Kumsifu Moi si kosa, kosa ni kusahau

Pita steji yoyote ya bodaboda mjini Kakamega, kuanzia Lurambi hadi barabara ya kwenda Khayega, uanzishe mjadala wa bei ya mafuta. Dakika tano haziishi kabla mtu hajasema, "Wakati wa Moi mambo hayakuwa hivi." Kinachoshangaza ni kwamba anayesema hivyo mara nyingi ni kijana wa miaka 22. Daniel arap Moi aliondoka Ikulu Desemba 30, 2002. Kijana huyo hakuwa hata amezaliwa.

Siku hizi sifa za Mzee Nyayo zimejaa kila mahali. Kwenye TikTok kuna video zake akiinua rungu, akitania umati kwa Kiswahili, akiwakemea mawaziri kama watoto wa shule. Chini yake vijana wanaandika kwamba Kenya inahitaji mkono kama ule. Wanasiasa nao wamenusa harufu. Akitaka kushangiliwa matangani, mheshimiwa anataja maziwa ya Nyayo tu, na wazee wanatikisa vichwa wakikubali.

Tusiwacheke wanaomsifu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna sababu za watu kumpenda rais ambaye rekodi yake, ukiisoma vizuri, inatisha.

Sababu ya kwanza ni maziwa yenyewe. Kuanzia 1979, watoto wa shule za msingi walipewa maziwa ya bure, yale ya pakiti ya pembe tatu. Kwa mtoto wa Shinyalu au Malava aliyetembea kilomita kadhaa bila viatu, hiyo ndiyo ilikuwa serikali pekee aliyoijua: serikali inayokupa kitu mkononi. Mtoto huyo leo ni mzazi wa miaka 50. Akikumbuka Moi, anakumbuka pia utoto wake, mama yake akiwa hai na mgongo wake usiouma. Nani asingekumbuka hayo kwa uzuri?

Sababu ya pili ni elimu. Moi aliingia madarakani 1978 akikuta chuo kikuu kimoja cha umma, kile cha Nairobi. Alipoondoka vilikuwa sita, kikiwemo Maseno hapa jirani. Hata chuo kikuu cha mji wetu, kilichotokana na ile iliyokuwa WECO, kilianza kama chuo kishiriki 2002, mwaka wake wa mwisho.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi, nayo haimhusu Moi hata kidogo. Inahusu leo. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilicholisha nusu ya ukoo katika kila kijiji cha wakulima wa miwa, kiliwekwa chini ya mrasimu 2019. Pan Paper ya Webuye ilifungwa 2009. Ingwe yetu, AFC Leopards, ilitwaa ubingwa wa ligi mara ya mwisho 1998. Kwa hivyo mzee akikwambia kwamba zamani kulikuwa na kazi, sukari na soka, hakudanganyi. Anakueleza alichokiona.

Lakini kuona kitu enzi ya mtu hakumaanishi kwamba mtu huyo ndiye aliyekileta. Mumias ilianza kusaga miwa 1973 na Pan Paper pia ilijengwa miaka hiyo ya 1970, Mzee Kenyatta akiwa bado rais. Na Ingwe? Serikali ya Moi ndiyo iliyoamuru klabu ziache majina ya kikabila, na Abaluhya ikalazimika kuwa AFC mwaka wa 1980. Vikombe vitatu mfululizo vya Afrika Mashariki na Kati, 1982 hadi 1984, vililetwa na wachezaji. Rais hakuvaa jezi namba tisa.

Sasa tuje kwenye yale ambayo video za TikTok hazionyeshi.

Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, hofu ilitanda. Katikati ya miaka ya 1980, msako dhidi ya Mwakenya uliwapeleka wahadhiri, wanafunzi na wanahabari katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, pale pale Nairobi ambapo leo unaenda kuchukua pasipoti. Waliteswa humo, wengine wakisimamishwa kwenye maji kwa siku kadhaa. Mahakama zetu zimewapa fidia wengi wao, kwa hivyo hizi si porojo za wapinzani.

Mwaka wa 1988 wapigakura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, mlolongo, na mara kadhaa mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Fikiria hilo kwanza, wewe unayelalamika kuhusu seva za IEBC. Foleni unaiona kwa macho yako, kisha unaambiwa hukuona.

Februari 1990 waziri Robert Ouko aliuawa, na hadi leo hakuna aliyefungwa kwa mauaji hayo. Agosti mwaka huo huo, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri Peter Okondo asithubutu kukanyaga Busia. Akaenda. Alikufa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14. Hiyo ni Magharibi yetu hii, si nchi ya mbali.

Kisha ukaja mfumo wa vyama vingi, na pamoja nao moto. Kuanzia mwishoni mwa 1991, ghasia za mashamba zilichoma Bonde la Ufa, Trans Nzoia ikiwemo, na kuvuka hadi Mlima Elgon. Waluhya ni miongoni mwa waliofukuzwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku 1992, na baadaye Tume ya Akiwumi, zilionyesha mkono wa wanasiasa na maafisa wa serikali. Kuna familia zilizokuja kuanza maisha upya huku kwa sababu hiyo. Huenda yako ni mojawapo, na hakuna aliyewahi kukusimulia.

Na zile bei za chini? Mwaka wa 1993, baada ya kashfa ya Goldenberg na pesa zilizochapishwa wakati wa uchaguzi, mfumko wa bei ulizidi asilimia 40. Ada katika hospitali za umma zilianza kutozwa 1989. Maziwa ya bure yenyewe yalikufa Moi akiwa bado mamlakani. Alipoondoka, uchumi ulikuwa unakua kwa chini ya asilimia 1. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi 2003, baada yake.

Mtu atauliza, kama mambo yalikuwa mabaya hivyo, mbona hatukusikia malalamiko? Swali zuri. Redio ilikuwa ya serikali. Mwenye kulalamika alipoteza kazi, leseni au shamba. Wakati huo chifu alikuwa na uwezo wa kuvunja mkutano wa watu kumi. Kimya kile ambacho leo wengi wanakiita amani na adabu kilikuwa na bei, na waliokilipia hawana video. Pale wapigakura walipopata nafasi ya kuchagua kati ya vyama, walisema. Mwaka wa 1992 Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura, na 1997 takriban 40. Mara mbili Wakenya wengi walimkataa, naye akashinda kwa sababu upinzani uligawanyika.

Walioufanya uchaguzi huo uwezekane baadhi yao ni wa hapa kwetu. Kati ya wazee sita waanzilishi wa FORD mwaka wa 1991, wawili walikuwa Masinde Muliro na Martin Shikuku wa Butere. Mkutano wao wa Kamukunji ulipigwa marufuku, wakakamatwa, na Desemba mwaka huo kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Muliro alifariki Agosti 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kwa hivyo mwanafunzi wa MMUST anayeandika "Moi rudi" anaandika akiwa ndani ya lango lenye jina la mtu aliyehatarisha maisha ili yeye aweze kuandika chochote bila kuulizwa.

Tunajua jibu litakuwa gani. "Hata leo watu wanatekwa. Hata leo vijana wanapigwa risasi." Ni kweli kabisa. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, Kakamega ikiwemo, na nchini kote makumi waliuawa na wengine kutekwa. Lakini angalia nani ametutawala tangu 2002. Mwai Kibaki alikuwa makamu wa Moi kwa miaka 10. Uhuru Kenyatta ndiye mrithi aliyechaguliwa na Moi mwenyewe. William Ruto aliingia siasa kupitia YK'92, kundi la vijana lililompigia Moi kampeni. Unapochoshwa na wanafunzi, kweli dawa ni kumtamani mwalimu? Magari ya Subaru yasiyo na namba za usajili hayakuanza 2024. Ni mbinu iliyorithishwa.

Hatari ya sifa hizi si kwamba Moi atafufuka. Alizikwa Kabarak Februari 2020. Wala si kwamba jina lake linashinda uchaguzi. Mwanawe Gideon alishindwa useneta wa Baringo 2022. Hatari ni kwamba tunajizoesha kuamini kuwa shida yetu ni uhuru kupita kiasi, na dawa ni rungu. Huko Ufilipino, Ferdinand Marcos aling'olewa na wananchi 1986. Mwaka wa 2022 mwanawe akachaguliwa rais, akisaidiwa na video za mitandaoni zilizowaambia vijana kwamba zama za babake zilikuwa za dhahabu. Uchaguzi wetu ni Agosti 2027. Atakuja mtu na maziwa mkono mmoja na rungu mkono wa pili, na tutakuwa tumeshajifundisha kupiga makofi.

Maoni yetu ni haya. Anayetaka kumsifu Moi amsifu, hiyo ndiyo maana ya uhuru, na yako mema aliyofanya. Lakini hamu ya zamani tuichukue kama ilivyo: ni malalamiko kuhusu kiwanda kilichofungwa, shule isiyo na walimu wa kutosha na digrii isiyoleta kazi. Malalamiko hayo yana wenyewe, wako hai, na wanaomba kura. Mheshimiwa akianza hadithi za maziwa ya Nyayo, muulize wakulima wa Mumias watalipwa lini. Msee wa steji akisema zamani kulikuwa na adabu, muulize nani hasa alikuwa anamwogopa nani.

Na ukirudi nyumbani wikendi hii, kaa na guka au kuku umuulize swali tofauti na lile la kila siku. Usiulize kama maisha yalikuwa mazuri. Muulize ni jirani gani aliyepoteza kazi kwa sababu ya maneno yake, ni nani aliyekuja usiku akitoka Trans Nzoia bila kitu, na ni mambo gani ambayo hakuthubutu kuyasema hata kwa ndugu yake. Msikilize hadi mwisho. Halafu ndipo uamue utakachoandika chini ya ile video.