Tobe Hakuwa Bubu

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu tarajali kanuni ambayo leo naikana hadharani: kwamba mhusika asiyesema hana uzito. Tulimwita mhusika mdogo, tukampa mstari mmoja ubaoni, tukaendelea. Mwanachuo mmoja aliwahi kuandika kurasa mbili juu ya mtumishi katika "A Rose for Emily", hadithi ya William Faulkner. Nilimkata alama kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali." Aliyetoka nje ya swali ni mimi.

Itazameni hadithi yenyewe, iliyochapishwa mwaka 1930 katika mkondo wa kigothiki wa Kusini mwa Marekani. Kuna jumba linalochakaa, bibi aliyejifungia ndani, na maiti ya mchumba, Homer Barron, katika chumba cha juu kisichoonwa na mtu kwa miaka 40. Msimulizi ni mji mzima wa Jefferson, unaojiita "sisi". Mji huo unasengenya kila jambo na haujui lolote. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kujua ni Tobe, mtumishi Mweusi.

Jirani alimwona Tobe akimfungulia Homer mlango wa jikoni, jioni ile ambayo Homer alionekana kwa mara ya mwisho. Uvundo ulipozuka, Jaji Stevens, meya wa mji, alidhani ni nyoka au panya aliyeuawa uani na mtumishi. Hata uvundo wa mauaji alibebeshwa yeye. Miaka ikapita, watu wakimwona akienda sokoni na kikapu chake, mvi zikimjaa, mgongo ukipinda. Walijaribu kumdadisi, wakachoka.

Wapo watakaosema huyo ni pambo tu la jumba. Nawajibu kwa sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hakimchanganyi bubu na aliyenyamaza, wala aliyenyamazishwa na aliyenyamazia jambo. Tobe hakuwa bubu. Alinyamazishwa kwanza: katika Mississippi ya zama zile, mtu Mweusi angemshtaki bibi wa Kizungu mbele ya nani? Kisha yeye mwenyewe akainyamazia siri ambayo mji uliitamani kuliko kitu chochote.

Bibi alipofariki, Tobe aliwafungulia wanawake mlango wa mbele, akapita moja kwa moja ndani ya nyumba, akatokea mlango wa nyuma, asionekane tena. Hakungoja mazishi, wala hakungoja chumba kivunjwe. Mji ulipata maiti, lakini shahidi haukumpata. Mwondoeni Tobe, nanyi mtabaki na kisa cha kutisha kisicho na dhamiri.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi walimu tuliwakaririsha wanafunzi methali hiyo asubuhi, na mchana tukawasahihishia kana kwamba hatujapata kuisikia. Basi, wahakiki na washairi wenzangu, kabla ya kuandika "mhusika mdogo", ulizeni kwanza: ni nani aliyekuwa akifungua mlango, naye alijua nini?

Nawe mwanachuo wangu, popote ulipo, alama zako nakurudishia.