Liyongo na Superman

Jioni moja hapa Kilakala, milima ya Uluguru ikijitanda mawingu, mwanangu aliniuliza: "Baba, Liyongo akipigana na Superman, nani atashinda?"

Superman, aliyezuka katika gazeti la picha Marekani mwaka 1938, huvunja kuta kwa ngumi. Fumo Liyongo alipofungwa, nguvu hazikumfaa. Aliokolewa na tupa ambayo mamaye aliificha ndani ya mkate wa wishwa, ukapelekwa na kijakazi Saada. Walinzi waliudharau wakampa.

Superman aliuawa vitabuni mwaka 1992, wachapishaji wakamrudisha mwaka 1993. Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hakurudi.

"Kwa nini mwanawe alikubali?"

"Aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme."

"Akaozwa?"

"La, mwanangu."