Ni Nani Aliyeisoma Picha Hii?

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisumbuliwa na kikohozi kisichokoma, hadi kliniki moja ya kibinafsi ili apigwe eksirei ya kifua. Tulilipa, tukangoja, na baada ya saa mbili hivi tukakabidhiwa bahasha pana ya rangi ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na filamu pamoja na karatasi iliyopigwa chapa mistari minne: mapafu hayana dosari, moyo una ukubwa wa kawaida. Chini ya maneno hayo palikuwa na muhuri wa kliniki na mkwaruzo wa kalamu ambao labda ulikuwa sahihi. Jina halikuwapo. Wiki sita baadaye, kikohozi kikiwa kimezidi, daktari wa hospitali nyingine aliiinua filamu ile ile kwenye mwangaza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, ni nani aliyeisoma picha hii?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi katika kliniki ile kuuliza, na binti wa mapokezi naye hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba picha "husomwa na daktari".

Kivuli kilichokuwa katika pafu la kulia kilikuwa cha kifua kikuu. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu maradhi hayo yana dawa, na mzee wetu aliimaliza miezi yake sita ya vidonge bila kukosa hata siku moja. Lakini katika zile wiki sita za kuambiwa kwamba mapafu yake ni mazima, alikuwa akilala chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto naye alilazimika kupimwa. Ndiyo maana swali la daktari yule halijanitoka akilini, na ndiyo maana ninaliuliza tena hapa, mbele ya walimu na wanafunzi.

Yafaa kwanza tuwatenganishe watu wawili ambao wananchi wengi huwachanganya. Yule anayekusimamisha mbele ya mashine, akakuambia uvute pumzi na kuizuia, ni mpigaji eksirei. Wengi wa wataalamu hawa wamefunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, yaani KMTC, ambacho historia yake yaanzia mwaka wa 1927. Kazi yao ni ya ustadi: kuupanga mwili, kukadiria kiasi cha miale, kuhakikisha kwamba picha imetoka sawasawa. Kuifasiri picha hiyo ni kazi ya mtu mwingine, daktari wa radiolojia, ambaye aghalabu mgonjwa hamwoni kamwe. Yeye huketi katika chumba chenye mwanga hafifu, akapambanua kivuli na kivuli. Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hii katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, mojawapo ya picha zake za mwanzo ilikuwa ya mkono wa mkewe, na kila aliyeitazama aliiona mifupa ya vidole na pete iliyozunguka kimojawapo. Pete haihitaji mfasiri. Doa la ukubwa wa punje ya hindi nyuma ya mfupa wa bega lahitaji mtu aliyetazama maelfu ya vifua kabla ya hicho.

Mtu huyo haandaliwi kwa siku moja. Anayesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi hukaa darasani na wodini miaka 6, kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi hospitalini. Hapo anakuwa daktari, lakini bado si daktari wa radiolojia. Anapaswa kurudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya tiba katika fani hiyo, ambayo huchukua miaka 4 mingine. Mwanafunzi atakayemaliza kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 18, asipoteze hata muhula mmoja njiani, atakuwa na takriban miaka 30 siku atakapotia sahihi yake ya kwanza kama mtaalamu. Na wachache mno ndio wasiopoteza muhula, kwa kuwa karo ya uzamili si mchezo na serikali za kaunti hazina pupa ya kuwaruhusu madaktari wao warudi masomoni.

Sasa tuangalie vyeti vyenyewe, kwani hapa ndipo wengi hudanganyika. Sheria inayowasimamia madaktari nchini, Sura ya 253, ilianza kutumika mwaka wa 1978. Bodi iliyoundwa chini yake iligeuzwa kuwa Baraza mwaka wa 2019. Kusajiliwa na Baraza kama daktari ni jambo moja. Kutambuliwa nalo kuwa mtaalamu wa fani fulani ni jambo la pili. Kuwa na leseni ya mwaka huu ni jambo la tatu. Mtu anaweza kuwa nalo la kwanza asiwe nalo la pili, na anaweza kuwa na yote mawili ilhali leseni yake imekwisha muda. Walimu wataelewa upesi: mwenye shahada halali ya Hisabati si mlaghai, lakini ukimpa karatasi za Fasihi azisahihishe, atakayeumia ni mtahiniwa. Neno "Daktari" kwenye ubao wa mlangoni halituambii ni lipi kati ya hayo matatu alilo nalo mwenye ubao.

Nchi nyingine zilikwisha kulipitia jambo hili. Uingereza ilipitisha sheria ya daftari la madaktari mwaka wa 1858, kusudi mgonjwa aweze kumtambua aliyehitimu na asiyehitimu. Marekani iliunda bodi ya kuwatahini madaktari wa radiolojia mwaka wa 1934, na tangu 2002 bodi hiyo iliacha kutoa vyeti vya maisha: mtaalamu mpya hana budi kuendelea kuthibitisha kwamba ujuzi wake haujachakaa. Sisi nasi tuna daftari letu, na Baraza limeiweka orodha yake kwenye mtandao ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta. Ni hatua njema. Kasoro ni kwamba orodha humfaa aliye na jina la kutafuta. Jirani yangu alikuwa na muhuri na mkwaruzo.

Kuna upande mwingine wa suala hili unaozungumzwa kwa nadra, nao ni wa mahali anapofanyia kazi daktari huyu na watu anaofungamana nao. Si ajabu katika nchi yetu mtaalamu mmoja kuajiriwa katika hospitali ya umma asubuhi, kufundisha chuoni adhuhuri, kuhudumu katika kliniki ya kibinafsi jioni, na usiku kusoma picha zilizotumwa kwa mtandao kutoka mji ambao hajaukanyaga. Simlaumu. Wataalamu ni wachache, na picha iliyosafiri kwa mtandao ikasomwa na mjuzi ni bora kuliko iliyobaki kabatini ikingoja. Lakini jina lake linapotundikwa katika kliniki tano, mgonjwa ana haki ya kujua kama ni macho yake yaliyoitazama picha au ni jina lake tu lililoazimwa ili biashara ionekane ina mwenyewe. Jina la daktari si kanzu ya kuazimwa harusini.

Tena kuna swali la fedha. Daktari anayekutuma ukapigwe picha mahali fulani, je, ana hisa katika mashine ya mahali hapo? Wamarekani waliliona hilo likiwagharimu, wakapitisha sheria mwaka wa 1989 ya kuwazuia madaktari kuwatuma wagonjwa wa bima ya serikali kwenye maabara walizo na maslahi nazo, na mwaka wa 1993 sheria hiyo ikapanuliwa ikagusa huduma za picha. Hapa kwetu mgonjwa hupewa kikaratasi chenye jina la kliniki na kuambiwa "nenda pale, ndio wazuri", naye huenda. Wala hasara si ya mfuko peke yake. Picha ya kifua kwa mashine ya CT huupitishia mwili miale inayozidi ile ya eksirei ya kawaida kwa makumi ya mara, na si haki mtu kupitishwa humo kwa sababu mwenye mashine ana mkopo wa kulipa.

Mashine zenyewe tunazo zaidi kuliko zamani. Mwaka wa 2015 Serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya tiba, vikiwamo vya picha, kwa ajili ya hospitali mbili katika kila mojawapo ya kaunti 47. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka wa 2020, na miongoni mwa mambo yaliyodhihirika ni kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa tu pasipo wataalamu wa kuvitumia. Kununua jicho la chuma na kusahau jicho la binadamu! Mahali penye pengo kama hilo ndipo hupatikana mtu wa kujaza karatasi ya mistari minne bila jina.

Najua madaktari watakavyojibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba picha ni nyingi na wao ni wachache. Kwamba hata bingwa aliyebobea hupitwa na kivuli siku moja. Na kwamba kuandika jina zima ni kumkabidhi wakili wa mgonjwa anwani ya kupeleka kesi. Kuhusu makosa, ni kweli, hakuna jicho lisilopitwa, na sithubutu kudai kwamba aliyeisoma picha ya jirani yangu hakuhitimu. Yawezekana alihitimu na alikuwa amechoka. Tatizo ni kwamba hatuwezi kujua, wala yeye mwenyewe hatajua. Hakuna aliyemfuata kumwambia: hiki ulichokiona kizima kilikuwa kifua kikuu, tazama tena. Daktari asiyejulikana hawezi kusahihishwa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma hiyo, iwe imetolewa na serikali au na mtu binafsi. Sioni habari inayohitajika zaidi ya jina la aliyeisoma picha. Baraza liamuru, basi, kila ripoti iwe na jina kamili, nambari ya usajili, fani aliyotambuliwa nayo mwenye sahihi, na mahali alipoketi akiisoma. Kliniki zibandike ukutani majina ya madaktari wanaohudumu hapo kwa kweli, pamoja na siku zao, na kliniki ambayo anayetuma wagonjwa ana hisa ndani yake iseme hivyo kwa maandishi. Hayo hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo. Yahitaji wino.

Walimu wa nchi hii hawaruhusiwi kuingia darasani bila kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na kila mmoja ana nambari yake ya TSC anayoijua kwa moyo kuliko nambari ya simu ya mkewe. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nambari hiyo inamvunjia heshima. Nao wanafunzi wa kidato cha nne wanaojaza fomu za vyuo vikuu, wengi wao wakiota koti jeupe, wangefaa waambiwe mapema kwamba kazi waitakayo ni ya kuweka jina lako chini ya ulichokiona.

Jirani yangu amepona. Mjukuu hakupatikana na ugonjwa, ingawa alipewa dawa za kinga. Juzi mzee alikwenda kupigwa picha ya goti, na kabla ya kulipa alitoa kalamu mfukoni, akamwomba yule wa mapokezi amtajie polepole jina la daktari atakayeisoma. Aliambiwa asubiri, wakaulize.

Alisubiri dakika arobaini.